Usipepete Unga: Niliyosema Dodoma Kuhusu Mikondo ya Nyaraka

Wengi mmeniomba maandishi ya mazungumzo yangu ya Jumamosi iliyopita mbele ya watengeneza programu wenzetu hapa Dodoma, kuhusu lugha za kuunganisha hatua za kutengeneza nyaraka. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri, jua lilikuwa linapiga ukuta ule ule.

* * *

Mbukwenyi!

Naona upande wa kushoto wameitika, upande wa kulia kimya. Ninyi mlioshuka na treni kutoka Dar, jirani yako atakufundisha.

Ndugu zangu, nianze na swali. Nani humu ndani ameshawahi kupepeta unga? Hakuna. Haya, nani amemwona bibi yake akishughulika na uwele? Ahaa! Chamwino nawaona, Bahi nawaona, Mpwapwa wale pale nyuma. Bibi anakata masuke, anaanika, anapura, anapepeta, ndipo anasaga. Sasa chukua kazi mbili za mwisho uzigeuze: saga kwanza, pepeta baadaye. Kila kazi imefanyika. Kila kazi imefanyika vizuri. Na jioni hakuna ugali, kwa sababu unga wote umeondoka na upepo wa Dodoma, nao mnaujua.

Mimi nimewahi kupepeta unga. Nakala 600.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kaofisi tulikokuwa tunawatengenezea watu vitabu vya mafunzo. Mteja analeta sura zake, kila mwandishi na faili lake la Word, sisi tunazigeuza ziwe kitabu cha kuchapa na kurasa za mtandaoni. Kazi ilikuwa na hatua kama saba hivi. Kutoa maandishi kwenye Word, kusafisha takataka, kuunganisha sura, kuweka namba za vichwa, kutengeneza yaliyomo, kukagua, kutoa PDF. Kila hatua ilikuwa na skripti yake, yaani kiprogramu kifupi. Mpangilio wa hizo skripti je, ulikuwa wapi? Ulikuwa kichwani mwa kijana mmoja, na nusu yake kwenye laputopu yake, ndani ya faili lililoitwa endesha_mpya_SAHIHI_2. Mnacheka. Ninyi la kwenu linaitwaje?

Yule kijana akapata msiba, akaenda Kondoa, kijiji ambacho simu inashika ukipanda juu ya jiwe fulani. Mteja anataka kitabu kesho yake. Nikasema, hatua saba tu, mimi ni mtu mzima. Nikaziendesha. Hakuna hata moja iliyolalamika. PDF ikatoka, nikapitia kurasa za katikati, nzuri, nikapeleka kwa mchapaji.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kusafisha kulitakiwa kutangulia kuweka namba. Hatua ya kuweka namba ilikuwa inabandika kialama kidogo kisichoonekana kwenye kila kichwa cha habari, ili yaliyomo yajue kichwa kiko ukurasa wa ngapi. Mimi nikasafisha baada ya hapo. Msafishaji wetu alikuwa hodari: chochote asichokifahamu anakifuta. Akavifuta vialama vyote.

Kesho yake mteja akafungua kitabu, ukurasa wa yaliyomo. Kichwa cha sura, vitone, vitone, vitone, halafu hewa. Sura ya pili, vitone, hewa. Akaniangalia kwa upole kabisa, akaniuliza, "Kaka, hizi namba tunajaza wenyewe?"

Alidhani ni fomu. Huu ni mji wa fomu, simlaumu.

Usiku ule tulichapa ukurasa mmoja mara 600, tukakaa chini na gundi na rula, tukabandika mpaka alfajiri. Hata leo nikisikia harufu ya gundi nyeupe nakumbuka neno mpangilio.

Sasa, ndugu zangu, kwenye kisa hiki kosa lilikuwa wapi? Skripti zilikuwa sahihi. Nilizijaribu tena moja moja, zote sahihi. Kosa lilikuwa katikati yake, pale hatua moja inapomkabidhi mwenzake kazi. Na pale katikati palikuwa hapajaandikwa na mtu yeyote, kwa lugha yoyote. Ndiyo maana leo nataka tuzungumzie lugha za kuandika hapo katikati. Vijana mnasema paiplaini. Mimi nitasema mkondo, mnivumilie.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wenu. Mwaka 1964, kwenye maabara za Bell kule Marekani, Doug McIlroy aliandika karatasi fupi akisema tuwe na njia ya kuunganisha programu kama mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakichomeka. Bustani, jamani. Sisi tunaovuta maji ya Mzakwe kwa mpira wenye viraka vinne tunamwelewa vizuri kuliko yeyote. Alisubiri miaka tisa. Mwaka 1973 Ken Thompson akaliingiza jambo hilo kwenye Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa usiku mmoja tu wa kazi, na kile kistari cha wima mnachokipiga kila siku kwenye skrini nyeusi kinatokana na hapo. Toa, chuja, panga, hesabu. Programu nne zisizojuana, na maji yanapita.

Ile ni lugha. Ndogo sana, ina neno moja, lakini ni lugha ya mkondo. Na kwa maandishi ya kawaida sijaona inayoishinda.

Tatizo ni kwamba waraka hauna tabia ya maji. Maji ukiyakata popote ni maji. Kistari kile kinasukuma mfululizo wa herufi, na vyombo vingi vya Unix vinasoma mstari mmoja mmoja. Waraka ni mti: kitabu kina sura, sura ina vifungu, kifungu kina aya, aya ina tanbihi inayoning'inia. Mnataka kuona? Chukua faili lolote la Word, lile linaloishia na docx. Libadilishe mwisho wake liwe zip, ulifungue. Ndani kuna folda iitwayo word, na ndani yake document.xml. Lisome. Nilifanya hivyo siku moja nikitafuta neno Chamwino kwenye ripoti ya mteja. Kwa macho naliona mara 20 na kitu. Kompyuta inaniambia mara 17. Kumbe mwandishi alipokosea akarudi kurekebisha, Word ikalikata neno vipande viwili: Cham kwenye kisanduku kimoja, wino kwenye kisanduku kingine. Kwa macho ya binadamu ni wilaya. Kwa chombo kinachosoma herufi ni Cham, halafu vitambulisho, zile alama za ndani ya mabano yenye pembe, mstari mzima, halafu wino. Wino wa kuandikia!

Kwa hiyo mkondo wa nyaraka unahitaji lugha inayojua kwamba kinachopita ndani ni waraka. Shikeni hilo, nitalirudia.

Kabla ya hapo nipite kwa mama lishe. Mwaka 1976, maabara zile zile, Stuart Feldman aliandika Make. Mwenzake mmoja alikuja ofisini kwake akiwa amekasirika: amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa kwenye programu ambayo ilishasahihishwa. Kosa lilikwisha ondolewa, ila faili lilikuwa halijatafsiriwa upya. Mnaona? Na yeye alipatikana pale katikati. Feldman akatengeneza lugha inayoanza kazi kutoka mwisho. Unaiambia: nataka kitabu.pdf. Inajiuliza, kitabu.pdf kinatokana na nini? Na hicho je? Inarudi nyuma mpaka chanzo. Ndivyo anavyofanya mama lishe pale Majengo. Hapiki kila kitu kila saa. Unaagiza, anaangalia: supu ya asubuhi bado iko sawa, haigusi, chapati zimekwisha, hizo ndizo anazosukuma. Make inaangalia saa za mafaili. Kilicho kipya kinaachwa, kilichopitwa na wakati kinapikwa upya. Kwa kitabu cha sura 40 ambacho umegusa sura moja tu, hiyo ni baraka.

Na Make ina kile kituko chake. Mstari wa amri lazima uanze na tabu. Ukiweka nafasi za kawaida, inakataa. Kwa macho hutofautishi. Feldman mwenyewe ameeleza kwamba aliliona tatizo mapema, lakini tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, wengi wao rafiki zake, akaona vibaya kuwasumbua. Watu kumi na wawili! Leo dunia nzima inajikwaa kwenye tabu hiyo. Wanangu mnaotunga lugha zenu ndogo ndogo za ofisini, wakati wa kusumbua rafiki ni mapema.

Sasa nifike kwenye jambo nililotaka kukaa nalo.

XML, ule mtindo wa kuandika waraka kama mti kwa vitambulisho, ilipotoka mwaka 1998, na XSLT, lugha ya kuibadilisha, ikafuata mwaka 1999, watu wa nyaraka walipata vifaa vizuri vya hatua moja moja. Kimoja cha kukagua, kimoja cha kubadilisha, kimoja cha kuunganisha. Pale katikati? Kila mtu na skripti yake, endesha_mpya_SAHIHI. Mwaka 2002 Norman Walsh na Eve Maler walichapisha pendekezo la lugha ya mikondo, nayo ilikuwa na tabia ya mama lishe: inaanzia kwenye unachokitaka na kurudi nyuma. Baadaye W3C, shirika la viwango vya wavuti, likaunda kikundi, likaja na XProc, toleo la kwanza Mei 2010. Hiyo ikageuza mwelekeo: waraka unaingia huku, unapita, unatokea kule.

XProc inavyofikiri ni hivi. Kila hatua ni chumba chenye milango yenye majina. Wa kuingilia unaitwa source, wa kutokea unaitwa result, na chumba kinaweza kuwa na milango mingine. Wewe kazi yako ni kutamka mlango upi umeungana na upi. Husemi "kwanza fanya hili, kisha lile". Unasema hiki kinakula kinachotoka kwenye kile, na mpangilio wa kazi unajitokeza wenyewe kwenye hizo nyaya. Ukiunga waya kwenye mlango usiokuwepo, unakataliwa kabla hata waraka wa kwanza haujaingia. Ina njia panda: kama waraka ni wa aina hii pita huku, vinginevyo pita kule. Ina jaribu-na-daka, kwamba hatua ikianguka mkondo usife wote. Na ina moja ninayoipenda mno, inaitwa p:viewport: unauambia mkondo, nenda ndani ya kitabu, kila ukikuta jedwali, litoe hilo peke yake, lipitishe kwenye hatua hizi, ulirudishe mahali pake. Kitabu kizima hakitikisiki. Jaribuni kufanya hivyo kwa kistari cha wima!

Na nicheke kidogo na wenyeji. Chombo kinachojulikana zaidi cha kuendesha XProc, alichoandika huyo huyo Norman Walsh, kinaitwa XML Calabash. Calabash ni nini? Ni kibuyu. Kibuyu, ndugu zangu wa Ugogo! Bibi anaweka maziwa kwenye kibuyu, anayasuka, anatoa siagi. Ukiniuliza, hilo ndilo jina bora kuliko yote niliyokutana nayo kwenye kazi hii.

Je, XProc ingeniokoa usiku ule wa gundi? Mseme ukweli. Kuna dada pale mbele anatikisa kichwa, na yuko sahihi. Lugha ya mkondo haijui kwamba msafishaji anakula vialama. Ningeweza kuunga nyaya vibaya kwa ustadi mkubwa. Lakini mambo mawili yangekuwa tofauti. La kwanza, yule kijana angekuwa ameziunga yeye, na zingekuwa kwenye faili, na faili lingekuwa ofisini, yeye akiwa Kondoa. La pili, kuweka mkaguzi katikati ya mkondo ni kazi ya mistari mitatu. Kuna lugha ya ukaguzi iitwayo Schematron, ya Rick Jelliffe, ya mwaka 1999, ambamo unaandika sharti karibu kama unavyoongea: kila mstari wa yaliyomo lazima uelekee kwenye kialama kilichopo. Mkondo ungesimama pale pale, ungeniambia "mstari wa kwanza hauelekei popote", na mimi ningelala.

Basi mbona wengi wenu hamjawahi kuisikia XProc? Nitasema ninavyoona mimi. Ilichelewa. Ilipofika 2010 watu wa wavuti walikuwa wanahamia JSON, mtindo mwingine mwepesi wa kuandika data, na toleo la kwanza lilitaka kila kinachopita kati ya hatua kiwe XML. Maelekezo unayoipa hatua yalitakiwa kuwa maandishi tu, huwezi kuipa hata orodha. Na lugha yenyewe imeandikwa kwa XML, kwa hiyo kusema jambo dogo unafungua na kufunga vitambulisho mpaka kidole kinaota sugu. Mwaka 2022 ikatoka XProc 3.0, kazi ya kikundi cha watu wanaojitolea, na hiyo imerekebisha mengi: sasa zinapita JSON, maandishi ya kawaida, hata picha, na hatua za kawaida zinaandikwa kwa mistari michache. Ile 2.0 msiitafute, waliiruka. Kwangu mimi 3.0 ndiyo lugha ambayo ingetakiwa itoke mwanzo. Imefika treni imeshaondoka, lakini waliobaki stesheni wana mizigo mizito, na inawabebea.

Mizigo ya nani? Nani amepita Buigiri, hapa Chamwino? Kuna shule ya watoto wasioona. Fikirini kitabu kimoja cha Jiografia cha darasa la sita. Mtoto mmoja anakihitaji kwenye karatasi. Mwingine anakihitaji kwa nukta nundu, asome kwa vidole. Mwingine kwa sauti. Ukiwa na watu watatu wanaotengeneza vitabu vitatu, kosa moja la mji mkuu wa nchi fulani litasahihishwa kwenye kimoja na kubaki kwenye viwili. Ukiwa na chanzo kimoja na mikondo mitatu, unasahihisha mara moja. Muungano wa kimataifa wa DAISY, unaoshughulika na vitabu vya watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, una chombo chake kiitwacho DAISY Pipeline, na ndani yake hatua zimefungwa kwa XProc. Kitabu kinaingia, kinatoka cha kielektroniki, kinatoka cha nukta nundu. Mtu akiniambia lugha hizi ni mchezo wa wasomi, namwonyesha hiyo.

Na kwa kuwa tuko Dodoma, tunakaa na Bunge, niseme moja juu ya sheria. Muswada unaingia, unapita kamati, unapata marekebisho, unatoka sheria, halafu miaka mitano baadaye sheria nyingine inabadili kifungu cha 7 peke yake. Huo ni mkondo kama mikondo mingine, na umbo la nyaraka zake limeshatungwa. Linaitwa Akoma Ntoso, lilianzia kwenye mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika, na mwaka 2018 likakubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa na OASIS, shirika la viwango. Jina ni la Kiakan, Ghana, maana yake mioyo iliyounganishwa. Mara nyingi tunapokea viwango kutoka nje. Hiki kimetoka kwetu kikaenda nje, na nusu ya ukumbi huu hamkijui. Mkitafute.

Dada wa mbele ana swali, ameshika mkono tangu nilipotaja kibuyu. Anasema: "Kaka, kwa nini nisiandike tu programu ya Python?"

Andika, dada yangu. Mimi mwenyewe naandika. Ila jiangalie baada ya mwezi wa tatu. Mpangilio wa hatua utakuwa umejificha ndani ya vitanzi na masharti, na mhariri wako, yule mama anayejua kitabu kuliko wewe, hawezi kufungua faili aone kwamba kusafisha kunatangulia namba. Lugha ya mkondo inajua mambo machache. Haiwezi kukupigia hesabu za mshahara. Kwa sababu inajua machache, kompyuta inaweza kuisoma yote, ikakuchorea ramani, ikakuambia mlango upi haujaungwa.

Basi mchague hivi. Waraka mmoja, matokeo mawili, mtu mmoja: Pandoc ya John MacFarlane, chombo cha kugeuza waraka kutoka umbo moja kwenda jingine, na faili la Make la mistari sita. Usitafute zaidi. MacFarlane, kwa taarifa yenu, ni profesa wa falsafa. Zile lugha za YAML mnazotumia kupeleka programu kwenye seva nazo zinafaa, mradi mhesabu nafasi zenu vizuri, maana ni tabu ya Feldman imerudi kwa mlango wa nyuma. Mti mkubwa, matokeo mengi, ukaguzi katikati: hapo nendeni kwenye kibuyu.

Yule kijana wa Kondoa alirudi baada ya wiki. Nikamwonyesha nakala moja iliyobaki, ukurasa umebandikwa umepinda kidogo. Akaupapasa kwa kidole gumba, akasema, "Si ungenipigia?" Nikamwambia nilipiga mara 14. Tukakaa siku ile ile, yeye anataja, mimi naandika.

Chai iko nje, na maandazi. Wenye laputopu msiende mbali. Faili tuliloandika siku ile nimeligeuza XProc 3.0, lina mistari 41, nitalipitisha kwa flashi. Kwenye mstari wa 17 nimeunga mlango ambao haupo, makusudi. Liendesheni mwone kibuyu kinasemaje.